Kabla hujafungua duka la vito Mtwara, nunua mizani

Kila msimu wa korosho ukikaribia, vijana hunifuata dukani kwangu hapa Mtwara mjini: "Dada, mtaji wa vito ni kiasi gani?" Nami huwauliza kwanza: safaya, lile jiwe gumu la thamani, unaijua? Maana mtaji wangu wa mwanzo haukuliwa na kodi ya fremu wala leseni. Uliliwa na jiwe moja.

Mtu alinijia nalo akisema limetoka Tunduru. Tunduru kweli ina safaya, wachimbaji wamemiminika huko tangu miaka ya 1990, basi nikamwamini. Lilikuwa la buluu, halina hata doa. Nikalikwaruzia kwenye kwatzi, jiwe la kawaida lisilo gumu kama safaya, kwatzi ikachubuka, nikalipa. Nilipolipeleka Arusha kukatwa, fundi alisugua upande mmoja, akatazama kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha akanipa nami nitazame. Mistari ya ndani ilikuwa imepinda. Ya ardhini hunyooka na kukutana kwa pembe. Hii ilikuwa ya kiwandani. Ugumu wa zote mbili, ya ardhini na ya kiwandani, ni 9 kwenye kipimo cha 1 hadi 10, ndiyo maana kukwaruza hakukunifaa kitu. Nililia njia nzima kurudi.

Chupa zina dawa yake. Garneti ya kijani ya Ruangwa, jiwe jingine la thamani, inapendwa sana, na wapo wanaovunja chupa wakaiuza kwa jina hilo. Tafuta mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga jiwe kwa uzi na ulizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba unayoisoma sasa. Garneti hiyo hukupa kama 3.6, safaya 4, kwatzi 2.65, chupa nyingi kama 2.5. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, mchana, kabla hamjataja bei.

Leseni usiikwepe. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi akueleze leseni ya dila (mfanyabiashara wa madini) na ya broka (dalali), na mawe ghafi yapitishe kwenye soko la madini.

Kinacholipa kodi yangu, kusema kweli, ni kwatzi: vidani na shanga za bei nafuu, nimezipanga kwenye vibakuli vya mpingo vya mafundi wa Kimakonde. Akina mama hununulia harusi. Wengine huniuliza kama jiwe linaponya. Nawaambia nauza uzuri wake tu, na mgonjwa aende hospitali ya Ligula. Nimewahi kukosa wateja kwa jibu hilo, na sitalibadilisha.

Ukipita, njoo na jiwe lako. Glasi ya maji ipo mezani.