Titi Moja Limeshuka, Jingine Limebaki: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma

Katika wiki chache zilizopita nimepokea ujumbe kutoka Mwanga, Ujiji, Kibirizi na Kasulu, mwingi ukiuliza juu ya matiti yaliyowekewa silikoni ambayo sasa yamehama mahali pake. Kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi wa thieta kwa miaka mingi, nitajibu kwa jinsi ninavyoyafahamu mambo haya kwa macho na mikono. Ieleweke tu kwamba wengi wetu tukisikia neno "kipandikizi" tunafikiria kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi. Kwa hiyo hapa nitasema mfuko wa silikoni, ili mtu asije akachanganya.

Shikamoo mama. Nina miaka 34, ninaishi Mwanga. Miaka minne iliyopita niliwekewa mifuko ya silikoni nje ya nchi. Sasa titi la kushoto limeshuka, chuchu inatazama juu, na kovu lililokuwa limejificha chini ya titi linaonekana kwa mbele. Je, mfuko umepasuka?

Marahaba mwanangu. Unayoyaeleza yanafanana zaidi na mfuko uliozama kuliko mfuko uliopasuka, ingawa silikoni inaweza kupasuka bila maumivu wala dalili yoyote, na kwa sababu hiyo kipimo ni lazima. Daktari anapoweka mfuko huchonga kwanza chumba ndani ya titi, juu au chini ya msuli wa kifua, kisha mwili wenyewe hujenga utando wa kovu kuuzunguka mfuko huo. Utando huo hujengeka kwa kila mwanamke. Ndivyo mwili unavyopokea kitu kigeni. Chumba kikichongwa kupita mkunjo wa chini ya titi, au utando ukiwa mwembamba na ngozi ikalegea baada ya ujauzito au kupungua uzito, sakafu ya chumba huachia na mfuko hufuata uzito wake. Mfuko wa mililita 500 una uzito unaokaribia nusu kilo ya sukari, nao unaning'inia hapo mchana na usiku.

Chukua futi ya fundi cherehani, simama mbele ya kioo, vuta ngozi kidogo, upime kutoka katikati ya chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini, kushoto na kulia. Andika vipimo pamoja na tarehe, kisha rudia baada ya mwezi mmoja. Tofauti inayoongezeka kati ya pande hizo mbili itamsaidia daktari wako kuliko maelezo ya kumbukumbu.

Nikilala chali matiti yanakimbilia kwapani. Ni hatari?

Matiti kusogea kidogo pembeni ukilala ni jambo la kawaida, hata kwa asiye na silikoni. Kasoro ni pale mfuko unapotoka kabisa juu ya kifua na kuacha pengo katikati, au unapokubana mkono ukiushusha. Wapo pia wenye tatizo la upande wa pili, ambapo mifuko miwili imekaribiana hadi ngozi ya katikati ya kifua ikainuka na matiti yakaonekana kama yameungana. Hilo ni gumu zaidi kurekebisha, na mara nyingi chanzo chake ni chumba kilichochongwa kupita kiasi kuelekea katikati ili kutoshea mfuko mkubwa kuliko kifua cha mwenyewe. Hali zote hizi kwa kawaida si za dharura, lakini hazirudi nyuma zenyewe.

Bibi yangu wa Ujiji anasema nikandwe kwa mafuta ya mawese, titi litapanda. Nimsikilize?

Msalimie bibi kwa heshima, lakini usikubali kukandwa. Mfuko uliozama umezama kwa sababu chumba chake kimepanuka, na kukanda hukipanua zaidi. Zamani hata madaktari waliwahi kuubana kwa nguvu za mikono utando uliokakamaa ili upasuke. Njia hiyo iliachwa kwa sababu ilipasua mifuko na kusababisha damu kuvuja ndani.

Sidiria ya kushikilia au mkanda wa kifua vina nafasi yake katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, wakati kovu bado ni laini, tena kwa maelekezo ya aliyekupasua. Mifuko iliyokaa juu mno mara nyingi hushuka yenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita, na mwenye hali hiyo asikimbilie kisu. Baada ya miaka minne, hata hivyo, sidiria itakupa nafuu ya uzito tu.

Wanarekebishaje? Wanatoa mfuko na kuurudisha?

Swali hili nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani kwamba tatizo ni mfuko, hivyo mfuko mpya utalimaliza. Mfuko mpya ukirudishwa katika chumba kile kile kilichopanuka utahama vile vile.

Njia inayotumika sana ni kushona utando wenyewe. Mgonjwa akiwa katika nusu kaputi, daktari hupitia kovu la zamani, hutoa mfuko, kisha huushona utando wa chini au wa pembeni kwa nyuzi imara ili chumba kipungue na mkunjo urudi ulipostahili. Mezani huwa tunamkalisha mgonjwa akiwa bado usingizini, kitanda kikiinuliwa kiunoni, ili daktari asimame mbele ya miguu na kulinganisha pande mbili kabla ya kufunga; kosa la sentimita moja lisiloonekana mtu akiwa amelala huonekana pale.

Utando ukiwa mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai, nyuzi peke yake hukata. Hapo daktari huongeza wavu wa upasuaji au kipande cha ngozi kilichosafishwa chembehai zake, ili kiwe kama mbeleko ya kubeba uzito. Anaweza pia kukiacha kabisa chumba cha zamani na kuchonga kipya, kwa mfano kuhamisha mfuko kutoka juu ya msuli kwenda chini yake, au kati ya utando wa zamani na msuli. Karibu kila mara nashauri mwanamke akubali mfuko mdogo kuliko wa kwanza, ingawa najua ushauri huu haupendwi. Kuna pia kutoa mifuko moja kwa moja na kuinua ngozi iliyolegea, uamuzi ambao nimeona wanawake wakiufikia kwa amani kubwa.

Tatizo linaweza kurudi hata mkono ukiwa mzuri. Daktari anayekuahidi kinyume chake, muulize tena.

Mke wangu aliondolewa titi kwa saratani, akawekewa silikoni, kisha akapata mionzi. Sasa upande ule ni mgumu, umepanda juu na unamuuma.

Pole sana ndugu yangu, na umpe pole mama. Mionzi huufanya utando ukaze na kusinyaa, nao ukisinyaa husukuma mfuko juu. Kushona hakutoshi kwa tishu iliyopata mionzi. Mara nyingi suluhisho bora ni kuutoa mfuko na utando, kisha kulijenga titi kwa nyama na ngozi yake mwenyewe kutoka mgongoni au tumboni. Kwanza, hata hivyo, wanaomfuatilia saratani wathibitishe kwamba ugumu huo si ugonjwa uliorudi.

Ninanyonyesha. Nirekebishe sasa?

Hapana. Maliza kunyonyesha, subiri miezi kadhaa titi litulie, ndipo ukapimwe.

Kutoka Kigoma nianzie wapi?

Anza na ultrasaundi katika hospitali ya rufaa ya Maweni, kisha omba rufaa ya kumwona bingwa wa upasuaji rekebishi, Bugando kule Mwanza au Muhimbili. Beba kadi uliyopewa siku ya upasuaji, yenye aina, ukubwa na namba ya mfuko. Kadi hiyo ni muhimu kwa sababu mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni mifuko yake ya BIOCELL yenye uso wa kukwaruza, iliyohusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga ya mwili (limfoma) inayoota kwenye utando. Asiye na dalili hashauriwi kuitoa kwa hofu tu. Lakini titi likivimba ghafla mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, au ukipapasa uvimbe, usisubiri foleni ya rufaa.

Panga pia kukaa karibu na hospitali hadi daktari akuruhusu kusafiri. Safari ya basi hadi Kasulu na mbele yake, ukiwa na kidonda kipya na umekaa bila kunyoosha miguu, inaweza kugandisha damu miguuni. Ukirudi nyumbani, kwa wiki sita usinyanyue ndoo ya maji wala beseni la dagaa, wala usimbebe mtoto. Mwombe shemeji au dada akae nawe kipindi hicho, na mkubaliane mapema kabla hujapanda gari.