Hiyo ya 1863 ni tokeni ya duka

Ndugu, shaba uliyoipata yenye jina la muuza vyakula wa Cincinnati, Marekani, na mwaka 1863 si sarafu ya serikali, ndiyo maana huioni kwenye orodha za senti. Ni tokeni ya duka, yaani kipande cha madini kilichotolewa na mwenye duka kitumike kama sarafu. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilipopamba moto, mwaka 1862 watu walificha sarafu, hadi za senti moja, na wenye maduka wakakosa chenji. Wakagongesha zao, ukubwa uleule wa senti, jina la duka juu yake: chenji na tangazo kwa mpigo. Lindenmueller, mwenye baa wa New York, anatajwa kutoa zaidi ya milioni moja. Kampuni ya tramu za farasi ilipompelekea rundo la tokeni zake azibadilishe kwa pesa halisi, akakataa! Mwaka 1864 Bunge likapiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Kuhusu bei, umri peke yake hausaidii. Cincinnati ilitoa nyingi mno, kwa hiyo usiote utajiri bado. Tafuta namba yake ya Fuld (namba katika orodha ya tokeni hizi iliyoandaliwa na akina Fuld), inayoonyesha jimbo, mji na duka, kisha ngazi ya uadimu: R1 ni za kawaida, R10 ni moja tu inayojulikana. Duka lilelile linaweza kuwa na R2 ya shaba nyekundu na R9 ya madini mengine, basi chunguza madini pia.

Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu. Wakusanyaji wanalipia ile rangi ya kahawia.