Maswali ya Wasomaji: Hakuna anayechapisha, lakini prosesa haipumziki

SWALI: Duka letu la kuchapisha liko Wandegeya, Kampala. Kompyuta moja ya Windows, yenye prosesa ya viini vinne, inahudumia nyingine nne kwa printa mbili. Tangu umeme ukatike juzi, spoolsv.exe, programu ya Windows inayosimamia foleni ya kuchapisha, inakula asilimia 25 ya prosesa hata foleni ikiwa kimya. Kuzima na kuwasha hakujasaidia. Tufanyeje?

JIBU: Hiyo 25 inasema mengi. Kwa viini vinne, asilimia 25 ni kiini kimoja kizima. Ikiganda hapohapo bila kupanda wala kushuka, mara nyingi kiini hicho kinazunguka kwenye kazi moja isiyokwisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili yake inaweza kubaki diskini ikiwa nusu. Mashine ikiwaka huisoma tena na kukwama palepale. Ndiyo maana kuwasha upya hakuitibu.

Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, andika net stop spooler. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Utaona faili za SPL, ambazo ni kurasa zenyewe, na SHD, ambazo ni maelezo ya kila kazi. Futa faili zote za aina hizo mbili, lakini folda yenyewe iache, na usiguse folda ya drivers iliyo jirani. Kisha net start spooler. Kazi zilizokuwa foleni zimepotea, kwa hiyo wateja watume upya.

Ikipanda tena foleni ikiwa tupu, shuku draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na printa. Andika printui /s /t2 uone draiva zote zilizomo. Za printa mlizokwisha kuuza au kutupa ziondoe pamoja na vifurushi vyake. Iliyobaki isasishe kutoka kwa mtengenezaji wa printa, si kutoka kwenye fleshi ya jirani.

Ikipanda tu mtu anapotuma PDF nzito, hilo si kosa: seva, yaani kompyuta hiyo inayohudumia nyingine, inaandaa kurasa kwa niaba yao. Kwenye sifa za printa, sehemu ya kushiriki, weka tiki inayoruhusu zile kompyuta nne ziandae kazi zenyewe.

Halafu iwekeeni kompyuta hiyo UPS, betri ya akiba ya umeme unapokatika, tafadhali. Printa ya leza msiichomeke humo: inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS ndogo huzidiwa ikazima vyote.