Meli imepitiliza bandari: nidai nini, na nani anilipe?

Mwezi huu ukurasa wa wasafiri tumeuachia barua za aina moja: meli ya kitalii imefuta bandari kwa sababu bahari imechafuka, na abiria anataka kujua haki yake iko wapi.

*Januari mimi na mume wangu tulipanda meli Miami, safari ya siku saba. Asubuhi ya Grand Cayman jua linawaka, nyumba za pwani tunaziona kwa macho, nahodha akatangaza kuwa hatushuki. Kesho yake tukakuta dola chache tu zimerudishwa kwenye akaunti yetu. Je, si walikuwa wanakwepa gharama? Na tudai nini?* — Msomaji, Minneapolis

Dada, jua si kipimo cha bahari. George Town, mji mkuu wa Visiwa vya Cayman, haina gati la meli kubwa, na wapiga kura wa visiwa hivyo waliukataa mpango wa kulijenga katika kura ya maoni ya Aprili 2025. Kila abiria anashushwa kwa boti. Mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, na kwa kuwa upepo wa kawaida wa Karibi hutoka mashariki, siku nyingi mji uko demani, yaani upande uliokingwa na upepo, na maji yametulia. Lakini kati ya Novemba na Machi, hewa ya baridi inaposhuka kutoka Amerika Kaskazini, upepo hugeukia kaskazini-magharibi. Demani inakuwa goshini, yaani upande unaopigwa na upepo, mawimbi yanaingia moja kwa moja nangani. Mbadala wake ni Spotts, pwani ya kusini ya kisiwa hichohicho. Kukiwa na nafasi na bahari ikikubali, meli huhamia huko. Isipokubali, hupita.

Hatari yenyewe haiko njiani kuelekea pwani. Iko pale abiria anapovuka kutoka meli kwenda kwenye boti. Meli ya mita 300 karibu haisogei, boti inapanda na kushuka mita nzima kila baada ya sekunde chache, na mguu wa mtu mzima ukiingia kati ya boti na jukwaa huvunjika. Tena nahodha hupiga hesabu ya kurudi kabla ya hesabu ya kwenda. Bahari inaweza kuruhusu saa mbili asubuhi ikakataa saa kumi jioni, watu 3,000 wakabaki nchi kavu bila pa kulala.

Penye gati nako hamna uhakika. Meli hizi zina ubavu mrefu kama ukuta wa ghorofa. Chukua ubavu wa mita za mraba 12,000 na upepo wa kilomita 36 kwa saa unaopiga sawasawa ubavuni: msukumo wake unazidi kidogo tani 70. Upepo ukifika kilomita 72 msukumo hauwi maradufu, unakuwa mara nne, karibu tani 290. Hapo rafadha za pembeni na boti za kuvuta meli zinaweza kuzidiwa, hasa kama mlango wa bandari ni mwembamba.

Kuhusu kukwepa gharama, shaka yako tunaielewa. Ni kweli kwamba maduka na kasino za melini, ambazo kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, hufunguliwa siku kama hiyo. Lakini kampuni hulazimika kurudisha fedha za matembezi yote iliyoyauza, na hayo ni mapato makubwa. Juu ya hilo, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, sura ya V, kanuni ya 34-1, unamkataza mwenye meli kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama.

Sasa fedha. Matembezi mliyonunua kwa kampuni ya meli hurudishwa yote, na kwa kawaida hamhitaji kuomba. Ushuru na ada za bandari ambazo kampuni haikulipa nazo hurudishwa, na ndizo hizo dola chache. Nauli hairudi. Mkataba mliokubali wakati wa kununua tiketi unaipa kampuni haki ya kubadili au kufuta bandari yoyote, na kwa safari za kutoka Marekani kifungu hicho ni kigumu sana kukitikisa. Barua ya malalamiko inaweza kuwaletea punguzo la safari ijayo, lakini hilo ni hisani ya kampuni.

Kagueni akaunti siku mbili au tatu baada ya tukio, mkiwa bado melini. Angalieni mambo mawili: je, ada imerudishwa kwa kila mtu wa chumba, watoto wakiwemo? Na je, fedha hizo zitarudi kwenye kadi ya benki, au ni salio la matumizi ya melini linalokufa safari ikiisha? Kama ni la aina ya pili, litumieni. Dawati la wageni usiku wa mwisho lina foleni ndefu isiyo na maana, kwa hiyo nendeni mapema.

*Mimi na mke wangu tumepata bei nzuri ya visiwa vya Ugiriki, Agosti, Mykonos na Santorini kwa pamoja. Tunasikia bandari hizo hufutwa mara kwa mara. Tununue? Na bima italipa?* — Msomaji, London

Agosti mmechagua mwezi wa meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean siku kadhaa mfululizo, mara nyingi chini ya anga safi. Mykonos ina gati la Tourlos na pia hutumia boti. Santorini ni boti tu: meli huingia ndani ya shimo la volkano lililojaa maji, na kina kinapita mita 300, hivyo nanga haina pa kushika na meli hujizuia kwa injini. Upepo ukikaza, kuizuia meli mahali pamoja huku boti zikienda na kurudi inakuwa kazi ngumu.

Ushauri wetu: sogezeni safari iwe Mei, Juni mwanzoni au Oktoba mwanzoni. Kama likizo ni Agosti tu, hesabuni ni bandari ngapi za boti na ngapi za gati. Safari yenye bandari nne za boti kati ya tano tusingeinunua. Na kama Santorini ndiyo hasa mnayoitaka na vingine ni nyongeza, acheni meli ya kitalii, pandeni feri kutoka Piraeus, bandari ya Athens, mkalale kisiwani siku mbili tatu. Bahari ikichafuka siku moja, bado mna nyingine.

Kuna pia tozo ya Ugiriki iliyoanza Julai 2025: yuro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos, Juni hadi Septemba. Hutozwa kwa kushuka. Msiposhuka, hakikisheni imeondolewa kwenye hesabu yenu.

Kisheria mko pazuri kidogo kuliko dada wa Minneapolis. Kanuni za Uingereza za safari za vifurushi za mwaka 2018, kama zile za Umoja wa Ulaya, zinatenganisha fidia na punguzo la bei. Hali ya hewa isiyoepukika humwondolea mwandaaji fidia. Punguzo la bei kwa huduma isiyotolewa ni hoja tofauti, na mnaweza kuiandikia. Kampuni itajibu kuwa ratiba haikuwa ahadi. Bandari moja kati ya saba ni hoja dhaifu, lakini nne kati ya saba ni safari nyingine kabisa, na hapo inafaa kubishana.

Bima ndiyo njia rahisi zaidi, mradi muisome kabla ya kulipa. Bima nyingi za Uingereza zina nyongeza ya safari za meli yenye kipengele cha bandari iliyofutwa, inayolipa kiasi maalumu kwa kila bandari. Tafuteni kama hali ya hewa imetajwa. Kisha tafuteni neno linalowanasa wengi: baadhi hulipa tu meli ikishindwa kufika bandarini. Ikifika, ikashindwa kushusha boti, hawalipi, na kwa Santorini hiyo ndiyo hali mnayotarajia. Nyingine hukataa kama kampuni imeshawapa chochote cha kufuta machozi. Mkiwa melini ombeni barua yenye jina la meli, tarehe, bandari na sababu. Kuipata baada ya kurudi nyumbani huchukua wiki nyingi.

*Nimelipia mtu wa kutembeza watalii huko Cozumel moja kwa moja, nusu bei ya meli. Meli isipofika, fedha zimekwenda?* — Msomaji, Houston

Inategemea alichoandika. Waendeshaji wengi wa Karibi na Mexico wanaoishi kwa abiria wa meli huahidi kurudisha fedha zote meli isipofunga gati. Muulize kwa maandishi, utaje jina la meli na tarehe, na uulize pia meli ikichelewa saa tatu itakuwaje. Lipa amana ndogo kwa kadi ya mkopo, salio ukifika. Anayetaka malipo yote kwa kutumiwa fedha taslimu mwache, hata awe rahisi vipi.

Ukinunua kupitia programu ya simu, kuna saa ya mwisho ya kughairi, mara nyingi saa 24 kabla. Nahodha huwa anatangaza asubuhi ileile, muda umeshapita. Kwa hiyo usisubiri tangazo: usiku wa kuamkia bandari tazama utabiri wa upepo, na Novemba hadi Machi uangalie hasa pepo za kaskazini ambazo Wamexico huziita *norte*. Tangazo likitoka, piga picha ya skrini au ya karatasi ya ratiba mpya, mtumie mwenye ziara ujumbe papo hapo kwa intaneti ya meli, kisha nenda kale. Hatutanii. Baada ya nusu saa watu wote waliokuwa washuke watakuwa wamepanga foleni kwenye mgahawa huohuo. Kabla ya hapo weka nafasi ya chakula cha jioni na ya watoto kwenye chumba chao cha michezo.

*Mimi ni Mtanzania ninayeishi Leeds. Nimekata tiketi ya safari kutoka Southampton yenye Guernsey na Cobh. Viza ya Schengen sina. Nahodha akibadilisha bandari?* — Msomaji, Leeds

Guernsey ni bandari ya boti katika mkondo wa bahari wenye maji ya kasi, na hufutwa mara nyingi. Mbadala unaweza kuwa Cherbourg au Le Havre, Ufaransa. Ikiwa hivyo, kibali chako cha kuishi Uingereza hakitakushusha. Utabaki melini wenzako wakishuka. Ukiweza kupata viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi kabla ya safari, ichukue.

Lililo kubwa zaidi ni Cobh. Iko Jamhuri ya Ireland, yenye viza yake. Kampuni nyingi hutaka abiria awe na viza za bandari zote zilizo kwenye ratiba, hata akisema hatashuka, na asiye nazo huzuiwa Southampton bila kurudishiwa nauli. Andikia kampuni leo, upate jibu la maandishi.

*Mama ana miaka 68 na kigegezi humshika hata kwenye feri ya Unguja. Siku ya mawimbi nimfanyieje?* — Msomaji, Muscat

Anza na chumba: sitaha za chini, katikati ya meli. Omoni, yaani mbele ya meli, ndiko kubaya zaidi. Dawa hutangulia kigegezi, haikifuati. Kwa mtu mzima, cinnarizine ni miligramu 30 saa mbili kabla, kisha 15 kila baada ya saa nane. Meclizine ni miligramu 25 hadi 50 saa moja kabla, mara moja kwa siku. Moja kati ya hizo, si zote mbili, na zote huleta usingizi. Kibandiko cha scopolamine cha nyuma ya sikio huwekwa angalau saa nne kabla na hudumu siku tatu, lakini kwa wazee kinaweza kuwachanganya akili au kuzuia mkojo, na mwenye presha ya macho hapaswi kukigusa. Kwa umri wake daktari aone kwanza orodha ya dawa anazotumia.

Siku yenyewe ale kidogo kidogo, biskuti kavu na tangawizi, akae anapoona upeo wa bahari. Kutapika kukianza, vidonge havikai tumboni. Mpeleke kliniki ya meli achomwe sindano, na ujue kuwa inalipiwa.

*Tuko Dar. Tunataka kupanda meli Durban, siku nne, kwenda Kisiwa cha Portuguese, Msumbiji. Kuna hatari ya kutoshuka?* — Msomaji, Dar es Salaam

Ipo, na ni kubwa. Kisiwa hicho kiko karibu na Inhaca, hakina gati, na kituo ni hicho kimoja. Kikifutwa, safari yenu yote ni meli na maji. Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: upepo wa kusini-magharibi ukipambana na mkondo wa Agulhas, mawimbi karibu na Durban huwa mafupi na wima, na meli huchelewa kurudi. Msikate tiketi ya ndege ya asubuhi ileile ya kushuka. Wekeni usiku mmoja wa ziada. Kama mnachotafuta ni kupanda meli kwa mara ya kwanza, nendeni. Kama ni kisiwa, tafuteni safari yenye vituo viwili au zaidi, kimojawapo kiwe na gati.