Kimchi isiyo na samaki: usiitupe kabla hujasoma lebo

Dada wa Mikindani, umeuliza kama kimchi (kabichi ya Kikorea iliyochachushwa) isiyo na samaki uliyoletewa na basi kutoka Dar ina faida kweli, na kama uitupe maana kifuniko kimevimba.

Soma lebo kwanza. Ikiwa inatakiwa kukaa kwenye friji na haikupitishwa motoni, iko hai: bakteria wanaoichachusha hutoa gesi, na joto la safari limewaharakisha. Fungua taratibu juu ya sinki, itafoka povu jekundu. Inuke uchachu na kitunguu saumu. Ikiwa na ukungu au harufu ya uozo, mwaga. Lakini ile iliyopashwa moto kiwandani, ya kukaa kabatini, ikivimba ni hatari. Hiyo tupa, hata usionje.

Ladha usiitafute kwenye achari yetu ya embe. Uchachu wa kimchi hutokana na kabichi yenyewe inapochachuka, si siki wala ndimu. Wakorea wengi hutia mchuzi wa samaki au kamba wa chumvi. Isiyo navyo huwa nyepesi kidogo, ndiyo maana wengine huongeza mwani au mchuzi wa soya. Mimi naipenda hivyo hivyo, vijiko viwili vya baridi pembeni ya muhogo wa kuchemsha.

Usiipike kama unataka wale bakteria wanaosaidia tumbo, maana moto unawaua. Nyuzinyuzi zitabaki. Na mama mwenye presha uliyemtaja, mwonjeshe tu: chumvi yake ni nyingi mno.