Côtes du Rhône ya Guigal na Chakula Kinachoifaa

Mtu anayetaka kuuzoea mvinyo mwekundu wa Ufaransa bila kumaliza mshahara wake kwa chupa moja, mimi humshauri aanze na Côtes du Rhône ya E. Guigal. Nimeinywa pamoja na vyakula vingi, na sababu yangu ya kuipendekeza si umaarufu wa lebo yake bali namna mchanganyiko wake unavyopatana na nyama.

Jina la Côtes du Rhône, linalolindwa kisheria tangu mwaka 1937, linahusu eneo pana mno la bonde la mto Rhône, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kwa hiyo jina hilo peke yake halimhakikishii mnunuzi ubora. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza ni nani aliyeutengeneza. Étienne Guigal alianzisha kampuni yake mwaka 1946 katika kijiji cha Ampuis, kusini mwa Lyon, baada ya kufanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya mvinyo ya Vidal-Fleury. Mwaka 1961 alipopoteza uwezo wa kuona, mwanawe Marcel, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, alilazimika kuishika biashara, na baadaye familia hiyo ikainunua Vidal-Fleury yenyewe, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Siku hizi kazi ya kutengeneza mvinyo iko mikononi mwa Philippe, mwana wa Marcel.

Mvinyo huu hutokana na aina tatu za zabibu: Syrah, Grenache na Mourvèdre. Watengenezaji wengi wa upande wa kusini wa bonde hilo huitegemea zaidi Grenache, ambayo huleta ladha ya matunda yaliyoiva na kilevi kingi. Guigal, kinyume chao, huipa Syrah nafasi kubwa, mara nyingi karibu nusu ya mchanganyiko, na hapo ndipo zinapotoka rangi nzito, harufu ya pilipili manga na ule ukakasi wa wastani unaoukamata ulimi. Baada ya kuchanganywa, mvinyo hukomazwa katika mapipa makubwa ya mwaloni, ambayo hayaufuniki kwa harufu ya mbao kama yafanyavyo mapipa madogo mapya.

Ukakasi huo ndio unaopaswa kuongoza uchaguzi wa chakula, kwa kuwa nyama yenye mafuta huulainisha. Huko kwao huliwa na paja la mwanakondoo lililookwa kwa vitunguu saumu na rozimari, au na daube, nyama ya ng'ombe ya eneo la Provence, kusini mwa Ufaransa, inayopikwa taratibu ndani ya mvinyo mwekundu. Nyumbani kwangu nafasi hiyo huchukuliwa na mbuzi wa kuchoma, hasa mbavu, zilizotiwa chumvi tu, na kwa maoni yangu hazishindwi na paja la mwanakondoo hata kidogo. Pilau ya nyama yenye pilipili manga na bizari nyembamba nayo hufaa sana, mradi kachumbari isijae ndimu wala pilipili mbichi, kwa maana pilipili kali huufanya ukali wa kilevi uwake kooni. Samaki wenye mafuta kama vibua usiwaweke karibu nao kabisa. Pamoja na mvinyo huu huacha ladha ya chuma mdomoni.

Watu wengi husisitiza kwamba mvinyo mwekundu haupaswi kutiwa kwenye friji. Ushauri huo unafaa nyumba ya Ulaya yenye ubaridi, si sebule ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 30. Mvinyo huu hunyweka vizuri ukiwa na nyuzi 16 hadi 18, kwa hiyo mimi huiweka chupa kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi kabla ya kuifungua. Ukibaki, uzibe na uurudishe humo humo. Kesho yake bado utanyweka, na keshokutwa utafaa kupikia nyama ya ng'ombe.