Maswali ya Wasomaji: Prosesa iko asilimia 33, mbona mashine imekwama?

SWALI: Shikamoo mama. Nina steshenari hapa Ng'ambo, Tabora. Laptopu ninayochapia kazi za wateja imekuwa nzito tangu mwezi uliopita. Faili la kurasa mbili tu linafunguka mteja ameshakasirika. Nikiangalia Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inafanya nini, naona prosesa iko asilimia 33, na haipandi hata nifungue programu gani. Kijana wangu naye akafungua Performance Monitor, chombo kingine cha Windows cha kupimia, akakuta kihesabio kilichoandikwa "% Processor Time" kimeganda kwenye 100. Kompyuta ileile, dakika ileile! Ipi ni ya kuaminika? Nimeshauriwa kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na hela nimeshatenga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela ya RAM irudishe ilikotoka kwanza. Zote mbili ni za kuaminika, ila hazipimi kitu kimoja.

"% Processor Time" hupima muda. Katika sekunde iliyopita, prosesa ilikuwa kazini kwa sehemu gani? Ikiwa haikupumzika hata kidogo, jibu ni 100, na kihesabio hicho hakijali ilikuwa inakwenda kasi au inajikongoja. Task Manager, tangu Windows 8, inapima kazi iliyofanyika: inachukua ule muda na kuuzidisha na kasi halisi ikilinganishwa na kasi ya msingi ya prosesa. Mashine ya kusaga inaweza kunguruma asubuhi hadi magharibi, lakini umeme ukiwa hafifu madebe yanayotoka ni machache. Kijana wako amehesabu saa za kunguruma, wewe umehesabu madebe.

Nilimpigia simu msomaji huyu kabla ya kuandika, nikamwomba anisomee namba zilizo chini ya ule mchoro wa Task Manager. Kasi ya msingi: 2.40 GHz, yaani mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde. Kasi ya wakati huo: 0.79 GHz. Gawanya 0.79 kwa 2.40, unapata asilimia 33. Prosesa yako, mwanangu, inafanya kazi bila kupumua, lakini imefungwa breki kwenye theluthi moja ya kasi yake. RAM isingekusaidia kitu.

Nikamuuliza kama kuna ujumbe wowote unaotokea anapowasha. Akasema ndiyo, kuna maandishi kuhusu chaja, yeye hubonyeza kitufe yakapita. Na chaja aliinunua lini? Mwezi uliopita. Basi tumemkamata mwizi. Laptopu za aina fulani zina pini nyembamba katikati ya jeki ya chaja, na kwa pini hiyo mashine huisoma chaja ina wati ngapi. Chaja isiyo na mawasiliano hayo, au yenye waya wa ndani uliokatika, mashine haiiamini. Inashusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa isije ikavuta umeme kuliko chaja inavyoweza kutoa. Mara nyingi hata betri haijai. Chomoa chaja, tumia betri dakika chache huku ukiitazama ile namba ya GHz. Ikiruka hadi 2 na zaidi, tafuta chaja ya modeli yako yenye wati zilizoandikwa chini ya laptopu.

Wengine wataniambia ni joto, maana Tabora ya mwezi wa kumi tunaijua. Joto lina mwendo wake: kasi inapanda, prosesa inachemka, inashuka, inapoa, inapanda tena. Ukiona namba imelala palepale kama ya msomaji wetu, hata asubuhi kabla mashine haijapata moto, anza na umeme. Ukiona inapanda na kushuka, safisha feni na ubadilishe pesti ya joto.

Kijana wako naye, kwa kuwa amekwishaijua Performance Monitor, aongeze kihesabio kimoja. Kipo kwenye kundi la "Processor Information", kundi lililokuja na Windows 7. Kundi la zamani linaloitwa "Processor" halina. Jina lake ni "% Processor Performance". Kwenye mashine yako kitasoma karibu na 33, na kwenye mashine yenye afya kitapita 100 mara kwa mara kwa sababu prosesa za sasa hujiongezea kasi. Kile kiitwacho "Processor Frequency" asikitegemee: kwenye mashine nyingi kinaonyesha kasi ya kiwandani tu na hakisogei.

Zamani asilimia peke yake ilitosha. Prosesa ya 166 MHz ilikuwa 166 MHz asubuhi na jioni. Leo kasi inabadilika mara nyingi ndani ya sekunde moja, na Intel ilipoleta Turbo Boost mwaka 2008, yaani prosesa kujiongezea kasi kupita ile ya msingi, hata neno "asilimia 100" likakosa kituo. Kwa hiyo naamini kabisa kwamba kila chombo cha kupimia mfumo kinapaswa kuweka kasi kando ya asilimia, palepale mbele ya macho, bila mtu kwenda kuitafuta kwenye menyu ya tatu. Watu wananunua RAM wasiyoihitaji kwa sababu namba moja imekosekana kwenye skrini.

SWALI: Habari za kazi dada. Niko Mwanga, Kigoma. Natunza seva ya Linux ya chama cha akiba na mikopo, na nimeandika skripti (programu fupi) inayohifadhi asilimia ya prosesa kila dakika. Nataka niongeze na kasi. Nasoma "cpu MHz" kwenye /proc/cpuinfo, faili la Linux lenye taarifa za prosesa, lakini namba zinayumba mno: mara 800, mara 3,100, na seva imetulia tu. Nichukue wastani wa hizo?

JIBU: Salama kaka yangu, na nimefurahi kuona unajenga chombo chako mwenyewe. Ila usichukue wastani wa hizo. Unachosoma pale ni kasi ya kitambo kifupi mno, na unaipima mara moja kwa dakika. Isitoshe, skripti yako inapoamka inaiamsha na kora (mojawapo ya vitengo vya kazi ndani ya prosesa) inayoendeshea, kwa hiyo unapima pia kelele za mpimaji.

Prosesa za Intel na AMD zina rejista mbili, yaani vihesabio vya ndani ya prosesa, zilizowekwa kwa kazi hii hasa. MPERF, anwani 0xE7, inahesabu kwa mwendo usiobadilika, ule wa kasi ya msingi. APERF, anwani 0xE8, inahesabu kwa mwendo halisi wa kora. Zote mbili husimama kora inapolala. Ukizisoma mwanzo wa dakika na mwisho wa dakika, tofauti zake zinakupa kila kitu kilichotokea katikati, hata kama skripti yako ilikuwa imelala.

Tuifanye hesabu kabisa. Kasi ya msingi 2.4 GHz, muda sekunde 60. Saa ya prosesa yenyewe, TSC, ambayo hailali, imesogea bilioni 144. MPERF imesogea bilioni 36. APERF imesogea bilioni 45. Gawanya 36 kwa 144: kora ilikuwa kazini asilimia 25 ya muda. Gawanya 45 kwa 36, zidisha na 2.4: ilipokuwa kazini ilikwenda kwa 3.0 GHz. Gawanya bilioni 45 kwa sekunde 60: ukichanganya na muda wa kulala, wastani ni 750 MHz. Tazama namba mbili hizi, 3,000 na 750, zote zinaitwa "kasi", na zote ni sahihi. Atakayeona 750 peke yake atadhani seva imefungwa breki, kumbe haina kazi. Kwa hiyo kwenye faili lako andika zote tatu, yaani asilimia 25, 3,000 na 750, na uzipe majina ambayo mhasibu wa chama naye ataelewa.

Huna haja ya kuandika msimbo wa kusoma rejista. Programu ya turbostat, inayotunzwa ndani ya msimbo wa keneli (kiini) ya Linux, inafanya hesabu hiyohiyo. Ukiiendesha kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) inakupa safu za Avg_MHz (ile 750), Busy% (ile 25) na Bzy_MHz (ile 3,000):

turbostat --quiet --interval 60 --show CPU,Busy%,Avg_MHz,Bzy_MHz

Ukipenda kuandika mwenyewe, zingatia jambo moja: skripti isihame kutoka kora moja kwenda nyingine katikati ya kusoma. APERF ya kora 0 ukiigawa kwa MPERF ya kora 3 utapata namba nzuri isiyo na maana yoyote. Na hifadhi namba ghafi za vihesabio pamoja na majibu. Siku ukigundua kosa kwenye fomula, utarudia hesabu bila kupoteza miezi ya kumbukumbu.

Kama seva ni ya kukodi, yaani mashine pepe ndani ya mashine ya mtu mwingine, huenda rejista hizi zimefichwa. Hapo hakuna ujanja, mwulize mwenye mashine.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Kasulu. Laptopu yangu ya Linux ina prosesa ya Intel, na kwenye scaling_governor, mpangilio unaoamua kasi ya prosesa, imeandikwa "powersave". Nibadilishe iwe "performance" ili iende kasi?

JIBU: Usiikimbilie hiyo. Kwa Intel, chini ya draiva ya intel_pstate (sehemu ya Linux inayoongoza kasi ya prosesa), "powersave" haimaanishi imefungwa kwenye kasi ya chini. Inapanda kazi inapokuja na kushuka inapoisha. Endesha kazi nzito, tazama Bzy_MHz kama nilivyoeleza hapo juu. Ikifika kwenye kasi ya juu ya prosesa yako, iache ilivyo, betri itadumu.